Kwa miguu hadi Namugongo: mwongozo kwa marafiki wanaoanzia Busia

Pasaka ikishapita tu, maswali huanza. Ni siku ngapi? Mnalala wapi? Kitambulisho kinatosha au lazima pasipoti? Mtu mnene anaweza? Nimeyajibu kwenye simu, nje ya kanisa baada ya misa, na mara moja kwenye foleni ya benki. Majibu ni yaleyale kila mwaka, kwa hiyo haya hapa.

Mwongozo huu ni wa kikundi kidogo cha marafiki, watu 5 hadi 10, wanaotaka kutembea kutoka Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, hadi Namugongo, nje kidogo ya Kampala, kwa ajili ya sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, tarehe 3 Juni. Mkienda na msafara wa jimbo au wa parokia, mengi yatapangwa na wengine: kuna gari la mizigo, kuna nesi, na kuna padre wa kusuluhisha mkigombana. Ninyi hamna hata kimoja, ndiyo maana mnahitaji mpango. Wanaotoka upande wa Bukoba na kuvukia Mutukula watapita Masaka, njia nyingine kabisa, ila hatua karibu zote ni hizihizi.

Historia kwa ufupi. Tarehe 3 Juni 1886 Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto Namugongo kwa amri ya Mwanga, Kabaka (mfalme) wa Buganda. Wengi wao walifikishwa pale kwa miguu, wamefungwa, kutoka Munyonyo. Wakatoliki 22 kati ya waliouawa miaka hiyo walitangazwa watakatifu na Papa Paulo wa Sita mwaka 1964, na Waanglikana nao wana mashahidi wao na kituo chao hapohapo Namugongo. Ukiulizwa njiani kwa nini hukupanda basi, hilo la Munyonyo linatosha kuwa jibu.

Vitu vya kuwa navyo kabla hamjaanza

Kila mtu awe na:
- raba au viatu vya kutembelea ambavyo tayari vimeshatembea, vikubwa kidogo kuliko saizi yako ya kawaida, kwa sababu miguu huvimba
- sandali nyepesi za jioni
- soksi jozi 4, zisiwe za pamba tupu kama unaweza kupata nyingine
- nguo za kubadilisha jozi 2 tu, na sweta moja
- koti la mvua, kofia pana, leso
- shuka au blanketi jepesi, mkeka na neti ya mbu
- chupa za maji za kutosha lita 2
- tochi ya kichwani na koti la reflekta
- mafuta ya mgando, kopo dogo
- karatasi ya choo, na kwa akina dada vitu vya hedhi hata kama tarehe haijafika. Miguu ikitembea hivi, mwili hubadilisha kalenda.

Kikundi kwa pamoja kiwe na sanduku moja la huduma ya kwanza: plasta za kutosha, bendeji, spiriti, sindano, dawa ya maumivu, chumvi za kuongeza maji mwilini, mkasi. Na betri mbili za kuchajia simu. Hamhitaji kila mmoja kubeba sanduku lake. Mwaka mmoja tulijikuta na mikasi mitano na plasta tatu.

Mzigo wote wa mtu mmoja, maji yakiwemo, usizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Mtu wa kilo 70 abebe kilo 7. Pimeni kwa mizani ya duka, msikadirie kwa mkono.

Hatua ya 1: Kubalianeni mwendo kabla ya tarehe

Hili ndilo jambo ambalo watu hulipuuza, na ndilo linalovunja vikundi. Safari yetu ya kwanza tulikuwa sita. Watatu walikuwa na miguu ya swala. Siku ya tatu walifika Iganga saa 7 mchana, wakala, wakaoga, wakalala. Mwenzetu mwenye goti bovu aliingia usiku akiwa na mtu mmoja tu wa kumshika mkono, kwenye barabara ya malori. Hakuna aliyempigia kelele mwenzake, ila hadi Jinja hatukuzungumza. Goti lilipona. Urafiki wa wawili kati yao haujapona hadi leo.

Basi kaeni chini mwezi Machi, mtafuteni mwenye mwendo wa pole kuliko wote, na mpange safari nzima kwa miguu yake. Yeye ndiye atembee wa pili kutoka mbele, si wa mwisho. Aliye mwisho kila wakati hapumziki: akifika mlipoketi, ninyi mnasimama kuondoka. Mwenye haraka na asiyeweza kuvumilia hilo aende na kikundi kingine, na mwambieni mapema.

Hatua ya 2: Zoezeni miguu kwa wiki 8

Jumamosi ya kwanza tembeeni kilomita 8. Ongezeni polepole hadi 20. Katikati ya wiki, tembea saa moja kwenda kazini au sokoni badala ya kupanda boda.

Jaribio la kweli ni moja: kilomita 20 Jumamosi na 20 nyingine Jumapili, na mzigo mgongoni, na viatu vilevile. Karibu kila mtu anaweza siku ya kwanza. Ya pili ndiyo inayokuonyesha soksi mbaya, kamba ya begi inayokata bega, na rafiki anayenuna akiwa na njaa. Fanyeni jaribio hilo wiki tatu kabla ya kuondoka, kisha punguzeni.

ONYO: usinunue viatu vipya vya safari. Nilinunua, raba nyeupe nzuri, wiki moja kabla. Kufika Bugiri kucha mbili za vidole gumba zilikuwa nyeusi.

Hatua ya 3: Karatasi

Mkenya anavuka kwa kitambulisho cha taifa. Mtanzania aje na pasipoti. Aliye chini ya miaka 18 awe na barua ya wazazi na asafiri na mtu mzima aliyetajwa humo. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe mkononi. Sindano moja inatosha maisha yote, lakini huhesabiwa kuanza kufanya kazi baada ya siku 10, kwa hiyo usiikimbilie mkesha wa safari.

Kisha nendeni kwa paroko wenu, au mchungaji wenu, mwombe barua yenye mhuri inayosema ninyi ni kina nani, mko wangapi, na mnakwenda wapi. Toeni nakala kumi. Karatasi hii ndiyo inayowafungulia mlango wa kulala. Katekista asiyewajua, saa 12 jioni, mvua inanyesha, anawatazama watu wanane wenye matope: barua ndiyo inayowasemea.

Mpakani kila mtu apite dirishani mwenyewe. Msimkusanyie mtu mmoja vitambulisho vyote.

Hatua ya 4: Mfuko mmoja, mshika hazina mmoja

Kila mtu atoe kiasi sawa kabla ya kuondoka. Kitoshe chakula mara tatu kwa siku, sadaka ya mahali pa kulala, nauli ya basi ya kurudi, na juu yake sehemu moja ya tano kwa dharura. Mshika hazina aandike kila shilingi kwenye daftari na asome hesabu kila usiku mbele ya wote. Msimchague mwenye roho nzuri. Mchagueni yule ambaye akiuza nyanya hasahau chenji.

Badilisheni pesa kwenye duka la fedha lenye leseni, si kwa vijana wanaowafuata wakipunga noti. Gawanyeni fedha katika mifuko ya watu watatu. Mnunue laini moja ya Uganda kwa kikundi, na namba yake ibaki na familia zote nyumbani.

Hatua ya 5: Gawaneni kazi

Mnahitaji wa mbele anayeshika mwendo, wa nyuma anayehakikisha hakuna aliyebaki, mshika hazina, mwenye sanduku la dawa, na mtu wa malazi. Huyu wa mwisho ndiye mwenye kazi ngumu: kila siku saa 8 mchana anapiga simu au anatangulia kwa boda hadi parokia au shule tunayolenga, anaonyesha barua, anarudi na jibu. Awe mcheshi na awe mwenye heshima kwa wazee. Mabubu wa kikundi wapewe sanduku la dawa.

Hatua ya 6: Pangeni siku

Kutoka Busia hadi Namugongo ni karibu kilomita 200. Mwenye nguvu anaweza kwa siku 6. Mimi napendekeza 10, na siku moja ya kupumzika ndani yake:

Tarehe 23 na 24 Mei: Busia hadi Bugiri, zaidi ya kilomita 40, mkilala katikati.
Tarehe 25: Bugiri hadi Iganga, karibu 30. Siku hiyo ndipo novena ya mashahidi, sala ya siku tisa, inapoanza, kwa hiyo ianzeni barabarani.
Tarehe 26 na 27: Iganga hadi Jinja, karibu 40. Mtapita mashamba ya miwa ya Kakira yasiyo na kivuli hata cha kuku.
Tarehe 28: Jinja, pumzikeni. Fueni nguo.
Tarehe 29: Vukeni Mto Nile, mlale kabla ya msitu wa Mabira.
Tarehe 30: Msitu, hadi Lugazi.
Tarehe 31: Lugazi hadi Mukono, karibu 25.
Tarehe 1 Juni: Mukono, Seeta, kisha mnaacha barabara kuu kuelekea Namugongo.

Watu huniambia siku ya Jinja ni uvivu. Ni siku ambayo malengelenge hukauka. Aliyeiruka mwaka juzi alimalizia safari kwenye matatu kutoka Lugazi.

Darajani Jinja kuna ulinzi. Fuateni maelekezo ya askari kuhusu pa kupita, na msitoe simu kupiga picha bila kuuliza.

Hatua ya 7: Kutembea barabarani

Njia hii si kijia cha msituni cha wapanda milima. Ni barabara kuu inayobeba mizigo kutoka Mombasa kwenda Kampala na kwingineko, na trela haliwezi kukwepa mtu anayeimba huku amefumba macho.

Uganda magari huenda kushoto kama kwetu. Tembeeni upande wa kulia, mkiyatazama yanayokuja. Mstari mmoja, nje ya lami. Reflekta zivaliwe hata mchana kukiwa na mvua au ukungu. Vipokea sauti vya masikioni marufuku. Anayetaka rozari aisali kwa sauti, wengine waitikie.

Amkeni saa 11 alfajiri, anzeni kutembea kunapopambazuka. Pumzikeni dakika 10 kila saa, na hapo vueni viatu. Ikifika saa 5 jua limeshika; tafuteni mti, kuleni, laleni hadi saa 9. Malizieni kilomita zilizobaki na muwe ndani kabla ya saa 12 jioni. Hakuna kutembea usiku, hata mkiona vikundi vingine vinapita na msalaba na tochi wakicheka.

Chakula hakisumbui. Asubuhi chapati na mayai iliyokunjwa, ambayo huko wanaiita rolex, mchana posho na maharage, yaani ugali wetu ila laini kidogo, jioni matoke. Soko la Najjembe ndani ya Mabira lina kuku wa kuchoma kwenye vijiti na gonja, yaani ndizi za kuchoma, na kusema kweli kuna wanaotembea kilomita 140 wakiwaza huyo kuku. Chagueni aliye moto kutoka jikoni. Maji yawe ya chupa au yaliyochemshwa.

Lugha: Kiswahili kitawafaa vizuri Busia na madukani njiani. Mbele huko, mkisikia "abalamazi", mnaitwa ninyi, mahujaji. "Mugyebale ko" ni salamu ya kuwapa pole na hongera. Asante ni "webale" kwa mtu mmoja, "mwebale" kwa wengi. Mama akiwapa maji langoni kwake, semeni hivyo kabla hamjanywa.

Hatua ya 8: Kila jioni, miguu kwanza

Kabla ya chakula, kabla ya simu. Osha, kausha katikati ya vidole, kagua kwa tochi. Mahali pekundu panapochoma weka plasta sasa, maana kesho ni lengelenge. Asubuhi paka mafuta ya mgando vidoleni, kisiginoni na katikati ya mapaja, kisha soksi kavu. Wanaume huona aibu kuhusu mapaja hadi siku ya pili.

Lengelenge dogo liache. Kubwa linalouma ukikanyaga: safisha kwa spiriti, toboa pembeni kwa sindano iliyochovywa kwenye spiriti, kamua maji taratibu, USIBANDUE ngozi ya juu, funika. Uzi wa kupitisha ndani ya lengelenge ambao wazee wanaupenda huingiza uchafu; uacheni.

Hatua ya 9: Mabira

Ingieni msituni asubuhi kukiwa kweupe na mtoke kabla ya jioni. Barabara inabana, malori yanashuka kwa kasi. Kundi lote liende pamoja, hakuna anayechelewa nyuma na hakuna anayekata njia ya mkato. Haja zote mzimalize Najjembe. Nyani wakikaa kando ya barabara msiwape kitu na msishike ndizi mkononi.

Hatua ya 10: Kufika

Mtakuta maelfu kwa maelfu ya watu, kutoka Kongo, Rwanda, Tanzania, kila kona ya Uganda. Kabla hamjaingia, kubalianeni mahali pa kukutania penye alama isiyohama. Msiseme "karibu na kanisa". Kanisa lenyewe, basilika yenye umbo la nyumba ya jadi ya Kiganda na nguzo 22 za shaba kwa ajili ya mashahidi 22, linazungukwa na watu pande zote. Mtandao wa simu huelemewa tarehe 3, kwa hiyo pangeni pia saa: saa 6 mchana na saa 12 jioni, wote mahali pale.

Askari hukagua mabegi. Sindano na mkasi wa sanduku lenu viacheni mlikofikia, nje ya uwanja. Pesa na vitambulisho vikae ndani ya nguo; wezi nao huhiji.

Mkifika tarehe 1 mna nafasi ya kusali kwa utulivu, kuteka maji kwenye ziwa dogo lililo uwanjani, na kwenda kituo cha Waanglikana pia. Watakaofika tarehe 2 usiku watapata mahali pa kusimama tu.

Mambo yakiharibika

Mmoja hawezi tena kuendelea. Apande gari hadi kituo kinachofuata, na mtu mmoja aende naye. Kesho yake ajaribu tena. Hili mkubaliane mkiwa bado nyumbani, ili lisiwe aibu: atakayepanda gari bado ni hujaji.

Homa. Ukanda huu una malaria nyingi. Mtu akipata joto na kutetemeka, apimwe siku hiyohiyo kwenye zahanati iliyo karibu. Msimpe dawa za maumivu na kumwambia ajikaze. Kabla ya safari, ulizeni daktari kuhusu dawa za kinga.

Kuharisha. Chumvi za pakiti. Zikiisha, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mgonjwa hatembei siku hiyo. Akiona damu au akishindwa kunywa, hospitali.

Kizunguzungu na kichwa kuuma mchana. Ni jua. Kivulini, legeza nguo, mwagia maji shingoni, kunywa kidogokidogo. Akianza kuchanganyikiwa, tafuteni gari mara moja.

Mvua haikatiki. Mwisho wa Mei ndivyo ulivyo. Nguo kavu za kulalia zikae ndani ya mfuko usiopenya maji, na zisivaliwe kutembea hata iweje. Mifuko ya plastiki mtakayopewa madukani Uganda msirudi nayo: Kenya ilishaipiga marufuku tangu 2017.

Parokia imejaa. Ulizeni shule, kanisa la jirani, mwenyekiti wa kijiji. Kanisa la dhehebu lingine limetulaza mara mbili, na mara zote mbili uji ulikuwa mzito kuliko wa kwetu.

Watu wamenuniana. Itatokea, mara nyingi siku ya nne, na mara nyingi kuhusu pesa au mwendo. Leteni daftari la hesabu, kisha chakula, kisha mazungumzo, kwa mpangilio huo.

Kurudi

Msitembee kurudi. Kateni tiketi za basi kabla hamjafika Namugongo, na ziwe za tarehe 4, si jioni ya tarehe 3 wakati barabara yote ya Jinja imesimama. Kwenye basi miguu itavimba. Vaa sandali, inuka utembee kila linaposimama.

Kucha zilizokuwa nyeusi zitaanguka zenyewe baada ya wiki kadhaa. Usizing'oe. Na zile raba, kabla hujaingia nazo ndani, ziache kwanza barazani siku mbili.